Kupata Vitabu Mashuhuri vya Zamani Bila Malipo kwa Ajili ya Kifaa cha Kusomea: Mwongozo Kamili

Mwenye kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kiwe Kindle, Kobo, PocketBook au simu ya kawaida yenye programu ya kusomea, anaweza kujipatia maktaba kubwa bila kutoa hata senti moja. Vitabu vya waandishi waliofariki zamani vimekwisha muda wa hakimiliki, vimeandaliwa upya na watu wanaojitolea, na vinapakuliwa kihalali kabisa. Kuvipata ni kazi nyepesi. Panapohitaji uangalifu ni katika kuchagua toleo, kwa kuwa kitabu kimoja chaweza kuwepo mtandaoni kwa sura nyingi: moja imesahihishwa mstari kwa mstari, nyingine imesomwa na mashine na kuachwa na makosa kila ukurasa, na nyingine tena ni tafsiri mpya ambayo bado ina mwenyewe. Mwongozo huu unafuata kazi nzima, tangu kujua kama kitabu kiko huru hadi kukifungua kwenye kifaa, na unakaa zaidi kwenye maandishi ya kale ya Kiswahili, ambayo wasomaji wengi hawajui kwamba yanapatikana.

Hatua ya 1: Jua kitabu kiko huru katika nchi gani

Kitabu huwa mali ya umma muda wa ulinzi wa hakimiliki unapokwisha, na muda huo hautoshani kila mahali. Kenya kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, Tanzania Bara kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Uganda kwa sheria yake ya mwaka 2006, zote zinailinda kazi ya maandishi katika uhai wote wa mwandishi na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinahesabu miaka 70 baada ya kifo. Marekani ina hesabu tofauti kwa vitabu vya zamani: huko kitabu hulindwa kwa miaka 95 tangu kilipochapishwa, ndiyo maana kila tarehe 1 Januari vitabu vya mwaka mmoja zaidi huachiwa huru. Tarehe 1 Januari 2025, kwa mfano, viliachiwa vile vilivyochapishwa mwaka 1929.

Tofauti hizi zina maana kubwa kwa msomaji, kwa sababu maktaba nyingi za mtandaoni zimesajiliwa Marekani na hufuata sheria ya huko. Chukua mfano wa George Orwell, aliyefariki Januari 1950. Kwa hesabu ya miaka 50, vitabu alivyochapisha akiwa hai vimekuwa huru Kenya, Uganda na Tanzania tangu mwanzo wa mwaka 2001. Uingereza viliachiwa mwaka 2021. Lakini Marekani riwaya yake ya mwaka 1945 itaendelea kulindwa hadi mwisho wa 2040, na ile ya 1949 hadi mwisho wa 2044. Ukiitafuta katika maktaba ya Marekani ukaikosa, usidhani kwamba haipo popote. Ipo katika maktaba za nchi nyingine, nazo nitazitaja katika hatua ya 5. Jambo la kuangalia ni sheria ya nchi unayoishi: Mswahili aliyeko Nairobi na ndugu yake aliyeko Minnesota hawana ruhusa sawa kwa faili ile ile.

La pili katika hatua hii ndilo linalosahaulika zaidi. Mfasiri ana haki yake, tofauti kabisa na ya mwandishi. Tamthilia za Shakespeare ni mali ya umma duniani kote, na mtu yeyote anaweza kuzipakua kwa Kiingereza leo hii. Hata hivyo, tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, yaani Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, ni kazi za Nyerere. Yeye alifariki Oktoba 1999, kwa hiyo hata kwa hesabu fupi ya miaka 50 ulinzi wake unaendelea hadi mwisho wa mwaka 2049. Tovuti inayotoa faili ya tafsiri hizo bila idhini inatoa kitu kisicho chake. Vivyo hivyo kwa riwaya za Kirusi: tafsiri za Kiingereza za Constance Garnett, aliyefariki mwaka 1946, ziko huru, ilhali tafsiri za miaka ya karibuni za riwaya zizo hizo zinauzwa na haziko huru. Kwa hiyo kabla ya kupakua, tafuta majina mawili, la mwandishi na la mfasiri, na ukishindwa kuliona jina la mfasiri, litilie shaka toleo hilo. Dibaji mpya, maelezo ya mhariri wa kisasa na michoro mipya navyo vina haki zake.

Hatua ya 2: Jua kifaa chako kinasoma faili ya aina gani

EPUB ndiyo aina ya faili ya kawaida kwa vitabu vya kielektroniki. Maandishi yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo na ukubwa wa herufi uliouchagua, na hilo ndilo linalofanya usomaji wa muda mrefu usichoshe macho. Kobo na PocketBook husoma EPUB moja kwa moja. Simu za Android husoma kwa programu kama ReadEra au Moon+ Reader, na iPhone huja na programu yake ya vitabu ikiwa tayari imewekwa. Kindle ndiyo yenye masharti: ukiinakili EPUB kwa waya wa USB, kitabu hakitaonekana katika orodha. Kwa Kindle kuna njia mbili, ama kunakili kwa waya faili ya AZW3, ambayo ni aina ya Kindle yenyewe, ama kuituma EPUB kwa huduma ya Amazon iitwayo Send to Kindle, ambayo huigeuza yenyewe. Faili za zamani za MOBI hazipokelewi tena na huduma hiyo, kwa hiyo ushauri wa kutumia MOBI unaoenea katika maelekezo ya zamani umepitwa na wakati.

PDF ni jambo jingine. PDF hubeba ukurasa kama ulivyochapishwa, na ukurasa wa kitabu kikubwa ukibanwa kwenye kioo cha inchi 6 herufi zake huwa ndogo mno kusomeka. Kwa riwaya, iepuke PDF kila inapowezekana.

Kuhusu bando, usiogope. Riwaya ndefu katika EPUB isiyo na picha kwa kawaida haifikii hata megabaiti mbili, na nyingi ziko chini ya moja. Kinachokula bando ni picha za kurasa, ambazo kitabu kimoja chaweza kufikia makumi ya megabaiti. Hizo zisubirie mahali penye Wi-Fi.

Hatua ya 3: Anza na Project Gutenberg

Maktaba hii ndiyo kongwe kuliko zote za aina yake. Ilianzishwa na Michael Hart tarehe 4 Julai 1971 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alipoyaandika kwa kompyuta Matamko ya Uhuru wa Marekani na kuyaweka yapatikane na kila mwenye kuweza kuyafikia. Leo ina vitabu zaidi ya 70,000. Haihitaji kujisajili, haiombi barua pepe wala namba ya kadi, na hiyo ni alama nzuri ya kuitambua: tovuti yoyote inayojifanya Gutenberg kisha ikakutaka uweke kadi ya benki si yenyewe. Anwani yake ni gutenberg.org.

Ili kuiona inavyofanya kazi, fungua tovuti hiyo na uandike neno Zanzibar katika kisanduku cha kutafutia. Miongoni mwa majibu utaiona Zanzibar Tales ya George W. Bateman, kitabu cha ngano za pwani yetu kilichochapishwa Chicago mwaka 1901 kwa Kiingereza, chenye michoro. Ukikibofya utafika kwenye ukurasa wake, na hapo utaona orodha ya faili. Ya kwanza ni ya kusoma papo hapo katika kivinjari. Zinazofuata ni za EPUB, na ndizo za kuzingatia: ipo EPUB3, ambayo ni toleo jipya linalofaa vifaa vya sasa na pia linalokubalika na Send to Kindle, ipo EPUB ya vifaa vya zamani yenye picha, na ipo ya vifaa vya zamani isiyo na picha. Kisha zipo faili za Kindle kwa wanaotumia waya, na pia maandishi matupu. Kwa kitabu kama hiki, ambacho michoro ni sehemu ya utamu wake, chagua yenye picha. Kwa riwaya isiyo na michoro, isiyo na picha inatosha na ni nyepesi zaidi.

Unapotafuta kitabu mashuhuri sana, utapata zaidi ya toleo moja. Hapo usichukue la kwanza kwa sababu tu limepakuliwa na wengi. Matoleo mengi yaliyoingizwa miaka ya 1990 yaliandikwa bila kutaja yametoka katika chapa gani, na mara nyingine yalipoteza maandishi ya mlazo au maelezo ya chini ya ukurasa. Fungua faili ya kusoma papo hapo, shuka mistari michache, na usome sehemu inayotaja walioliandaa. Ukikuta limetajwa kundi la Distributed Proofreaders, hilo ni la kuaminika. Kundi hilo lilianza mwaka 2000, na utaratibu wake ni kwamba mtu mmoja huwekewa picha ya ukurasa na maandishi yaliyosomwa na mashine pamoja, akasahihisha neno kwa neno, kisha ukurasa huo huo hupitiwa na mwingine na mwingine kabla kitabu hakijatoka. Tofauti ya kazi ya namna hii na ya mashine peke yake utaiona katika ukurasa wa kwanza.

Angalia pia kama kitabu ni kamili. Riwaya ndefu za karne ya 19 zilitoka kwa juzuu mbili au tatu, na baadhi zimewekwa juzuu moja moja. Vilevile usibofye rekodi ya sauti ukidhani ni kitabu cha kusoma. Na kama unataka vitabu vingi kwa pamoja, usitumie programu ya kupakua kwa wingi kwenye tovuti yenyewe, kwa sababu huzuia anwani ya anayefanya hivyo, na watakaoumia ni wote mnaotumia mtandao mmoja, shuleni au ofisini.

Hatua ya 4: Standard Ebooks kwa anayetaka kitabu kilichopangwa vizuri

Kundi la Standard Ebooks huchukua maandishi yaliyokwisha kuwa huru, mara nyingi kutoka Gutenberg, huyapitia tena dhidi ya picha za kurasa, huyapanga kwa alama sahihi za uandishi na yaliyomo yanayobofyeka, na kuyawekea jalada lenye mchoro wa zamani ulio huru. Orodha yao ni ndogo ukilinganisha na ya Gutenberg, na yote ni ya Kiingereza, lakini kitabu kikiwepo kwao sioni sababu ya kukitafuta kwingine. Wenye Kobo wachukue faili ya kepub, ambayo kwenye kifaa hicho hufungua kurasa kwa kasi zaidi na kuonyesha hesabu ya sura vizuri. Jina lake liishie kwa .kepub.epub, wala usilibadilishe. Wenye Kindle wachukue AZW3. Wengine wote wachukue EPUB ya kawaida, na waiache ile ya hali ya juu, kwa kuwa vifaa vingi bado haviisomi ipasavyo.

Hatua ya 5: Ukikosa kwa sababu ya sheria ya Marekani

Kuna Project Gutenberg ya Australia na kuna Faded Page ya Kanada, zinazofuata sheria za nchi zao. Australia iliongeza ulinzi kutoka miaka 50 hadi 70 mwaka 2005 bila kuvirudisha kifungoni vilivyokwisha kuwa huru, kwa hiyo waandishi waliofariki kabla ya 1955 wako huru huko. Kanada ilifanya vivyo hivyo mwishoni mwa 2022, na waliofariki kabla ya 1972 wako huru. Vitabu vya Orwell utavikuta humo. Tovuti hizi zinaeleza wazi kwamba msomaji anayepakua kutoka nchi nyingine anawajibika kwa sheria ya nchi yake, na kwa aliyeko Dar es Salaam, Kampala au Mombasa hesabu ni ile ya miaka 50.

Hatua ya 6: Maandishi ya kale ya Kiswahili

Hapa ndipo mwongozo mwingi wa Kiingereza unapomwacha msomaji wetu, na ndipo ninapoomba uvumilivu wako. Kiswahili kina maandishi mengi yaliyochapishwa kabla ya mwaka 1930, yote yakiwa yamekwisha muda kwa hesabu ya Marekani, lakini hayamo katika maktaba zilizosahihishwa. Yamo kama picha za kurasa katika Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, kwa anwani ya archive.org, na katika makusanyo ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani.

Ugumu wa kwanza ni jina. Ukiandika Kiswahili peke yake utapata vitabu vya miaka ya karibuni na rekodi za kila namna. Wakusanyaji wa karne ya 19 waliiandika lugha hii kwa tahajia za kwao, kwa hiyo tafuta pia kwa Suaheli, Suahili, Swaheli na Kisuaheli. Neno habari lilikuwa likiandikwa khabari. Kwa kutumia tahajia ya Kijerumani utafika kwenye kazi za Carl Velten na C. G. Büttner, ambazo msomaji wa kawaida hawezi kuzifikia kwa neno Swahili.

Ugumu wa pili ni kwamba Waswahili walioandika hawatajwi katika orodha. Kitabu cha desturi kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, Desturi za Wasuaheli, kimewekwa chini ya jina la Velten, ingawa aliyeandika sehemu kubwa yake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwalimu aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufariki huko mwaka 1927. Ukitafuta kwa jina la Mtoro utapata zaidi tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1981, ambayo bado inalindwa. Tafuta kwa jina la mkusanyaji, kisha uweke jina la mwandishi wa kweli mwenyewe kitabu kikishafika kwako; namna ya kufanya hivyo iko katika hatua ya 7.

Tuchukue kitabu kimoja hatua kwa hatua: Swahili Tales cha Edward Steere, kilichochapishwa London mwaka 1870 kutokana na ngano alizosimuliwa Unguja. Andika jina la kitabu na la Steere katika kisanduku cha kutafutia, kisha upande wa kushoto chagua maandishi peke yake ili uondoe rekodi za sauti na picha. Utaona nakala zaidi ya moja, kwa sababu maktaba tofauti zilipiga picha nakala zao. Usipakue bado. Fungua kila moja katika kisomaji cha tovuti na ukague ukurasa wa jina, mwaka wa chapa, yaliyomo na ukurasa wa mwisho, kisha uruke kurasa kadhaa katikati. Unatafuta kurasa zilizorukwa, kurasa zilizopigwa mara mbili, mwanga hafifu, au kidole kilichofunika mstari. Nakala iliyo safi ndiyo ya kuichukua, hata kama iko chini katika orodha.

Chini ya kitabu kuna orodha ya faili za kupakua. Ukikuta badala yake kitufe cha kuazima, basi nakala hiyo haiko huru, hata kama kitabu chenyewe ni cha zamani. Huenda ni chapa mpya yenye dibaji ya karibuni, kwa hiyo rudi ukatafute chapa ya awali. Ikiwa orodha ipo, utaona EPUB na PDF, na hapa inakupasa kujua kinachokungoja. EPUB hiyo haikuandikwa na mtu. Mashine ilizisoma picha na kukisia herufi. Herufi r na n zikikaribiana husomwa m, na kinyume chake, kwa hiyo kumi laweza kutoka kurni. L na i zikishikana huwa h, na alikuwa likawa ahkuwa. Ritifaa ya ng' hupotea au hugeuka alama ya kunukuu. Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari hubaki vipande viwili, na kichwa kidogo kilicho juu ya kila ukurasa pamoja na namba yake huingia katikati ya sentensi.

Kwa kitabu cha Steere kuna tatizo la ziada. Kimepangwa Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Katika karatasi mpangilio huo ni mzuri sana, lakini mashine husoma ukurasa baada ya ukurasa, kwa hiyo katika EPUB sentensi ya Kiswahili hukatika katikati, ikafuata nusu ukurasa wa Kiingereza, ndipo Kiswahili kikaendelea. Kwa sababu hiyo, kwa vitabu vyenye lugha mbili zinazokabiliana, ushauri wangu ni kuchukua PDF, japokuwa nilikuonya dhidi yake hapo juu. Isome kwenye kishikwambi chenye kioo kikubwa, au uipitishe katika programu ya bure iitwayo K2pdfopt, ambayo huukata ukurasa wa picha katika vipande na kuvipanga upya vitoshee kioo kidogo bila kuzigusa herufi zenyewe. KOReader, programu huria inayowekwa kwenye Kobo, PocketBook na simu za Android, ina uwezo huo ndani yake.

Mashairi ya kale ni suala la subira zaidi. Tenzi nyingi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na miswada yake mingi imehifadhiwa katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, ambako sehemu yake imepigwa picha na kuwekwa katika makusanyo yake ya kidijitali. Hizo ni picha za miswada, nazo hazisomeki kwa raha kwenye kioo cha inchi 6. Anayetaka tenzi katika hati ya Kirumi atafute katika vitabu vya sarufi na diwani za wakati ule: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kwa mfano, ilichapishwa ndani ya kitabu cha C. H. Stigand cha mwaka 1915 kuhusu lahaja za Kiswahili, mahali ambapo mtu asingefikiria kuitafuta. Na unapokuwa humo, pakua pia kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Ludwig Krapf ya mwaka 1882. Maneno mengi ya lahaja za Mombasa na ya maandishi haya hayamo katika kamusi za sasa, na bila yake utakwama njiani.

Hatua ya 7: Safisha na upange kwa Calibre

Calibre ni programu ya bure ya kompyuta iliyotengenezwa na Kovid Goyal, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukishaiweka, kokota faili zako ndani yake, kisha ukifungue kila kitabu katika sehemu ya kuhariri taarifa na kusahihisha jina la kitabu, la mwandishi na la mfasiri. Hapo ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari linapowekwa mahali pake. Weka na lugha, kwa sababu vitabu vingi vya Kiswahili vimesajiliwa kama Kiingereza au Kijerumani, na kifaa hutumia taarifa hiyo kuchagua kamusi na kukata maneno mwisho wa mstari.

Kubadilisha aina ya faili, kwa mfano EPUB kuwa AZW3, ni kwa kitufe cha kugeuza. Katika dirisha hilo kuna sehemu ya makisio (Heuristic processing) ambayo huunganisha maneno yaliyokatwa na kuondoa mikato ya mistari isiyo ya lazima. Haifanyi kazi mpaka uiwashe, nayo inafaa kwa faili zilizosomwa na mashine peke yake. Kwa faili za Gutenberg na Standard Ebooks iache, itaharibu kazi nzuri ya watu.

Mwenye nia ya kusahihisha kitabu kizima atumie kihariri cha vitabu kilichomo ndani ya Calibre. Kinaweza kutafuta na kubadilisha neno katika sura zote kwa mara moja, na kinapokea kamusi za tahajia za LibreOffice, miongoni mwake ikiwemo ya Kiswahili. Kamusi hiyo inafuata tahajia ya leo na itaweka alama kwenye khabari kama kosa. Usibadilishe kwa wingi bila kutazama picha ya ukurasa, kwani tahajia ya zamani ni sehemu ya maandishi, na kurni peke yake ndilo kosa.

Hatua ya 8: Hamishia kwenye kifaa

Kwa Kobo na PocketBook, chomeka waya, kubali ombi la kuunganisha linalotokea kwenye kioo, nakili faili, kisha toa kifaa kwa njia salama kabla ya kuchomoa. Kwa Kindle kwa njia ya waya, faili ya AZW3 inakwenda kwenye folda iitwayo documents. Kindle za karibuni zikichomekwa kwenye Mac hazionekani kama diski ya kawaida na zinahitaji programu ya kati. Mara nyingi jalada la kitabu halijitokezi; ndiyo sababu Standard Ebooks hutoa picha ndogo ya jalada peke yake, ya kuwekwa katika folda ya thumbnails iliyomo ndani ya system.

Kwa njia ya barua pepe, kila Kindle ina anwani yake inayoishia @kindle.com, utakayoiona katika mipangilio ya kifaa. Ingia katika akaunti yako ya Amazon, nenda kwenye mipangilio ya nyaraka binafsi, na uiongeze anwani yako ya kawaida katika orodha ya wanaoruhusiwa kutuma. Usipofanya hivyo, barua itakataliwa. Baada ya hapo tuma EPUB kama kiambatisho, washa Wi-Fi kwenye Kindle, na usubiri dakika chache. Kitabu kikikataa kufika, kifungue kwanza katika Calibre na ukigeuze EPUB kuwa EPUB tena; hilo hurekebisha kasoro nyingi za ndani ya faili.

Hifadhi faili ulizopakua awali katika folda ya peke yake, kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, kabla hujazigusa kwa Calibre. Na ukikuta kosa katika kitabu cha Project Gutenberg, wanapokea masahihisho kwa barua pepe: andika namba ya kitabu iliyo kwenye ukurasa wake, nakili mstari wenye kosa kama ulivyo, na chini yake uandike mstari huo ukiwa umesahihishwa.